Jamu Ndani ya Bawa

Vijana wa bati,

Kamau mwenzenu ameniambia mnataka niwaandikie kitu kuhusu miaka yangu ya karakana, kwa kuwa niliondoka bila kuaga na keki yangu mkaila wenyewe. Haya. Shule mimi niliiachia kwenye kambi ya wakimbizi, Tanzania, kabla haijaniachia kitu cha maana, kwa hiyo nitaandika kama ninavyoongea tukikaa na vikombe mkononi. Na nitataja majina. Watu wakistaafu huandika "tulipitia changamoto". Changamoto haina mikono. Bega langu lilivunjwa na mikono ya mtu, na mtu huyo ana jina. Tutamfikia.

Kabla ya ndege nilikuwa bandarini Port Botany, hapa Sydney, napakua makontena. Kazi ile haina hadithi: sanduku linafunguliwa, unatoa, linafungwa. Siku moja mle ndani mlikuwa na mabati ya alumini, na dereva aliyekuja kuyachukua akawa analalamika kwamba karakana yao ya Wetherill Park imekosa mtu mwembamba. Nikamwuliza, mwembamba wa nini? Akasema wa kuingia kwenye mkia wa ndege. Mimi nilikuwa mwembamba. Njaa ya kambini ilikuwa imeshanifanyia usaili.

Aliyenipokea ni Bruno. Wengi wenu hamkumkuta. Alikuwa Mmalta, mfupi, shingo imezama mabegani, amefanya bati tangu ujana wake, na Kiingereza chake kilikuwa kibovu kama changu ila kwa namna nyingine, kwa hiyo tulisikilizana vizuri. Hakunionyesha choo wala pa kutundika koti. Alinipa kipande cha chuma kizito, akanisukuma ndani ya mkia, akasema, "Usiongee. Gonga."

Ninyi mnajua, lakini niandike kwa ajili ya anayeanza kesho. Ribiti, ule msumari wa kuunganisha mabati, haipigwi na mtu mmoja. Mmoja yuko nje na nyundo ya upepo, mwingine yuko ndani amekandamiza chuma nyuma yake, ribiti inajikunja katikati yao wawili. Wa nje haoni upande wa ndani. Kelele hairuhusu maneno. Basi wa ndani ndiye macho, na anasema kwa kugonga bati. Mara moja: nzuri, twende mbele. Mara mbili: bado, piga tena. Mara tatu: imeharibika, itoe. Lugha yote ni hiyo. Nimeishi nchi hii muda mrefu na sijapata nyingine iliyo wazi hivyo.

Siku ile niligonga mara moja kila ribiti. Kila moja. Nyingine zilikuwa zimelala upande kama walevi, lakini mimi kwetu nimelelewa kwamba mgeni hamwambii mzee kazi yako mbaya. Mchana Bruno akaingiza kichwa na tochi. Akamulika ribiti moja moja. Halafu akaniuliza:

"Hii nzuri?"

"Si nzuri sana, mzee."

"Kwa nini umeniambia nzuri?"

"Wewe ni mkubwa wangu."

Akanitazama kama mtu aliyeletewa mbuzi badala ya fundi. "Humu ndani mkubwa ni ribiti," akasema. "Ukinidanganya kwa heshima, mtu atakufa kwa heshima yako."

Tukazitoa zote. Hakunifukuza. Alinipa nusu ya mkate wake wenye zeituni, akakaa juu ya ndoo, akala nusu yake. Nilimpenda mzee yule kuanzia hapo, na sijui kama alijua. Miaka ilivyokwenda tukawa tunaelewana hata bila chuma. Akikuta chai yangu ni mbaya, anagonga meza mara tatu.

Sasa Kittyhawk, ile ndege ya Vita vya Pili vya Dunia. Ile mnayowapitishia watoto wa shule Jumamosi mkijifanya mnajua kila kitu.

Ilikuja juu ya lori kutoka kinamasi huko kaskazini, Queensland. Si ndege, ni mifupa: bawa moja zima kiasi, jingine limekunjika, tumbo limejaa tope na mizizi. Mwenye karakana, Trevor, aliizunguka amefurahi kama aliyepata mtoto. Akasema tutaigusa yote, tutaitengeneza ikae kwenye maonyesho, haitaruka tena. Trevor, ndiyo, nataja jina lake, hakuwa mtu mbaya wa kila siku. Anakukumbuka siku ya kuzaliwa. Ubaya wake ni wa mtu asiyependa kuambiwa "bado".

Nilidhani ilidunguliwa. Bruno akacheka. "Hii haikuona adui hata mmoja." Akanieleza, na mimi nawaeleza. Ndege za vita zilizopotea si zote zilipotea vitani. Nyingine zilipotea zikipelekwa tu. Ndege inaunganishwa huku kusini, anapewa rubani, anaambiwa ipeleke kwa wenzako kule juu, kaskazini kwenye vita. Wanakwenda kundi, wanamfuata mmoja anayeijua njia. Wa mbele akipotea, wamepotea wote. Wa mbele akikuta wingu, wanabaki wanatafutana mpaka mafuta yanakwisha. Na ndege yenyewe bado haijawa ya mtu. Hii yetu haikuwa na bunduki, zilikuwa zifungwe mbele ya safari. Haikuwa na herufi za kikosi ubavuni, kwa sababu kikosi chenyewe kilikuwa hakijaipokea. Ilikuwa na namba tu. Nilipoisugua ile namba chini ya tope nilisimama kidogo. Mimi pia nimewahi kuwa namba inayopelekwa mahali.

Ndani ya bawa la Kittyhawk kuna visanduku vya kukaa risasi. Bunduki hazipo, risasi hazipo, kwa hiyo vilitakiwa viwe vitupu. Tulipofungua kimoja tukakuta tope, na ndani ya tope shingo za chupa, vifuniko vya bati vilivyoliwa na kutu, na kitu kama uzi wa sufu. Trevor alipita akasema, "Takataka, tupa." Bruno akagonga bawa mara tatu. Trevor hakuelewa, akaenda zake. Tukaviosha kwenye karai kimoja baada ya kingine. Chupa za jamu, zilizovishwa soksi zisivunjike.

Mimi sikushangaa. Watu waliokulia njiani wanajua: ukipata nafasi ya kwenda kwa waliotangulia, hakuna mfuko unaobaki mtupu. Mama yangu alivuka mpaka na maharage ameyaficha kati ya matiti yake, samahani kwa wenye aibu.

Na hapo ndipo alipoingia Mama Joyce. Joyce ni jina lake mwenyewe, hilo "Mama" ni heshima yangu.

Ni mtoto wa rubani wa ndege ile. Alizaliwa baba yake akiwa ameshakufa. Anakaa Toongabbie, mtaa wa pili kutoka kwangu, na kumbe tumepishana stesheni mara nyingi, kila mtu na mkoba wake. Trevor alimwita apige naye picha. Akaja na fimbo na kofia ya kanisani, akapiga picha, halafu akauliza kama kuna kitu chochote kilichopatikana ndani. Bruno akamletea karai.

Bibi wa watu akashika shingo ya chupa. Akasema zamani Toongabbie palikuwa mashamba ya michungwa, na mama yake alikuwa akipika jamu. Mama huyo mpaka anazeeka alikuwa akisema, nilimpa baba yako jamu awapelekee vijana wa kule juu. Watoto walidhani ni maneno ya uzee.

"Nilimwambia mama, ndege ya vita haibebi jamu," akasema. "Nilimwambia mara ngapi mimi."

Bruno alitoka nje kuvuta sigara, na sigara alikuwa ameacha.

Tangu hapo bibi alikuja kila wiki. Alituita sote "darl", yaani mpenzi, mpaka Kamau ambaye siku ya kwanza alidhani amepewa jina jipya. Aliketi kwenye kiti karibu na bawa, akatuangalia. Siku moja akaniambia kilichokuwa kikimkaa moyoni. Shuleni, siku ya kuwakumbuka askari, watoto wenzake walisema baba zao walipigana wapi. Yeye akisema baba yangu alikuwa anapeleka ndege, wanamwuliza, basi? Akapeleka wapi? Anajibu, hakufika. Basi wanacheka. Na karatasi ya serikali iliyokuja kwao ilisema chanzo ni hali ya hewa.

"Nani aliwaruhusu kuruka siku hiyo?" nikamwuliza.

"Hakuna aliyeandika jina, darl. Mawingu tu."

Nikakasirika kwa niaba ya mtu nisiyemjua. Mawingu hayasaini ruhusa ya kuruka. Kuna mtu alikula chakula chake cha mchana, akafuta mdomo, akasema nendeni.

Basi alichotaka Mama Joyce kilikuwa kitu kimoja: ndege hii itoke ikiwa ya baba yake. Kama alivyoiacha. Bila bunduki, bila herufi.

Trevor alikuwa na mpango mwingine. Alitutangazia wakati wa smoko, mapumziko ya chai, sote tumeshika vikombe: itapakwa mdomo wa papa mbele, meno yote, na herufi za kikosi fulani cha mabingwa. Mama Joyce alikuwepo.

"Lakini haikufika kwenye kikosi chochote, Trevor," akasema.

"Najua, Joyce. Lakini nani atakuja kuangalia ndege ambayo haikufika popote?"

Alilisema kwa upole, na ndiyo maana liliuma zaidi. Bibi akaweka kikombe chini. Kamau akaninong'oneza, "Buda, huyu jamaa hana adabu hata kidogo." Mimi nikasema kwa sauti, "Boss, unaiandikia jina la nyumba ambayo haijawahi kuingia." Trevor akacheka, akanipiga begani. Lile bega. Lilikuwa zima bado.

Bruno alistaafu mwaka huo kabla kazi haijaisha, mapafu yamemkatalia, na akaniachia chuma chake. Fomani akawa Glenn. Huyu ndiye niliyesema tutamfikia. Glenn ni fundi hodari, mkono wake wa rangi hauna mwenzake Sydney nzima, na ana haraka kama anayefukuzwa. Bruno alikuwa na sheria: bawa likiwa kwenye mnyororo, stendi za kulibeba zinakaa chini yake, na hakuna mtu anayeingia chini. Hakuna. Hata kuokota bisibisi.

Siku ya maonyesho ilikuwa inakaribia. Trevor akaleta mpiga picha asubuhi, akasema zile stendi zinachafua picha. Glenn akaziondoa. Mimi nilikuwa upande wa pili nafunga boliti. Glenn akaita, "Deo, lishike kidogo tu hapo, mate, lisiyumbe." Nimeitwa "mate", yaani rafiki kwa Kiingereza cha huku, nikashika. Mnyororo ukateleza.

Sitawaeleza maumivu, kila mtu ana yake. Nitasema tu kwamba bawa lile, lililokaa kinamasini miaka yote bila kumgusa mtu, lilinichagua mimi. Kamau ndiye aliyeingiza stendi kwa teke na kunivuta. Kama si yeye msingekuwa mnasoma, na yeye asingekuwa ananidai bia kila Krismasi.

Basi hao ndio. Trevor aliyetaka picha. Glenn aliyeondoa stendi. Nimewaandika.

Nikakaa nyumbani Toongabbie, bega limejaa vyuma. Binti yangu Divine alinifungia vifungo vya shati asubuhi. Namsemesha Kiswahili, ananijibu Kiingereza, shati linafungwa. Mama Joyce alikuja na fimbo yake na kikapu, akanilisha supu nisiyoiweza, na nikaimaliza. Kamau alipiga simu: "Buda, mambo imeharibika. Rangi ya meno imefika. Nyekundu na nyeupe, iko kwa store."

Kisha akaja Trevor mwenyewe, na matunda yamefungwa kwa karatasi ya kung'aa. Maafisa wa usalama kazini walikuwa waje kunihoji kesho yake. Trevor akakaa pembeni ya kochi.

"Deo, wewe ni mtu wa familia yetu. Ilikuwa ajali tu. Mnyororo uliteleza."

"Mnyororo uliteleza, ndiyo. Na stendi?"

"Tusianze kutajana, mate. Kutajana kutaifunga karakana. Na ile rangi ya Joyce... Ukinielewa kidogo, na mimi naweza kuelewa kidogo."

Niliyatazama yale matunda. Vijana, hilo ndilo jambo gumu kuliko yote niliyoyakuta kazini, na lilikuja nimevaa pajama. Neno moja dogo, "ajali", na yule bibi anapata ndege ya baba yake. Mwenyewe hata hanidai. Nani angenilaumu?

Lakini nilimwona Bruno na tochi yake ndani ya mkia. Hii nzuri? Kwa nini umeniambia nzuri?

Nikanyoosha mkono wa kushoto, nikagonga meza mara tatu. Trevor miaka yote ile hakuwahi kujifunza. Ikabidi nimwambie kwa Kiingereza kwamba atoke.

Kesho yake nikawaambia maafisa yote. Nani alitaka picha, nani aliondoa stendi, nani aliniambia nishike. Majina. Walipoondoka nilivaa kandambili nikaenda mtaa wa pili, nimebeba aibu nzito kuliko bega. Nikamwambia Mama Joyce: ndege yako nimeipoteza. Nikamweleza yote.

Alikuwa anamenya machungwa. Halafu akasema, "Kama siku ile mtu mmoja tu angetaja jina la aliyewaruhusu, darl, mama yangu angekufa akiwa mtu mwingine. Rangi ni rangi." Akanipa chungwa. Lilikuwa limemenywa nusu tu, kwa hiyo sikumwamini kuhusu rangi.

Kilichotokea karakana sikukiona, nakisema kama Kamau alivyonisimulia, na Kamau huongeza chumvi lakini chakula chenyewe huwa ni cha kweli. Maafisa walimkalisha Glenn. Glenn hakujitetea. Akasema, "Niliziondoa mimi. Deo alikuwa mahali nilipomwambia asimame." Trevor alikuwepo, uso ukambadilika. Baada ya hapo akamwambia Glenn nenda kamalizie rangi, weka papa, angalau tupate watu. Glenn akalichukua lile bomba la kupulizia rangi, akalitazama, akaliweka juu ya meza mbele ya Trevor.

"Mpake mwenyewe."

Trevor akamgeukia Kamau. Kamau akasema yeye ni mtu wa bati, meno hajui. Akamgeukia Mfilipino wa injini, naye ghafla akawa hasikii Kiingereza. Karakana nzima hapakuwa na mtu anayejua kuchora jino. Trevor angeweza kukodi mtu wa nje, lakini na maafisa mlangoni nadhani alichoka kutaka vitu.

Wakaniita siku moja kabla ya maonyesho. Nikaenda na Mama Joyce, tukaingia polepole kama watu wawili wanaosaidiana kilema. Na ilikuwa pale. Kijani na udongo juu, buluu hafifu chini, namba yake mkiani. Pua tupu. Ubavu mtupu. Matundu ya bunduki yamezibwa kwa kitambaa, kama alivyoiacha yule kijana. Haikutisha hata kidogo. Ilikuwa kama mtu aliyepiga pasi nguo anakwenda kuanza kazi.

Mama Joyce hakulia. Aliizunguka, akapapasa bawa, akauliza, "Ni kisanduku kipi?" Nikamwonyesha. Akafungua kikapu, akatoa chupa ya jamu ya machungwa iliyovishwa soksi. Soksi mpya ya sufu, kafuma mwenyewe. Kamau akaipokea kwa mikono miwili, akailaza ndani.

Kifuniko kilikuwa kifungwe kwa ribiti, maana haitaruka. Nyundo ya upepo mimi siiwezi tena, na sitaiweza. Glenn ndiye aliyeishika. Tulikuwa hatujaonana tangu siku ile. Alisimama, nyundo mkononi, hajui aangalie bega langu au viatu vyake.

"Deo," akasema. "Mate."

Nilichukua chuma cha Bruno kwa mkono wa kushoto, nikapenyeza mkono ule kwenye tundu la ukaguzi, nyuma ya bati. Kazi ya siku yangu ya kwanza. Glenn akapiga. Nikasikia ile mitetemo mpaka kwenye vyuma vya bega. Akaacha, akasubiri, kwa sababu wa nje haoni. Mtu mzima, fomani, amesimama ananisubiri mimi.

Msidhani sikuzifikiria zile mara tatu.

Nikapapasa kwa kidole. Kichwa kimekaa duara, kimelala sawa pande zote, hakuna nyufa. Bega ni habari nyingine, na jina la aliyelivunja nimeshaliandika hapo juu, halifutiki. Lakini ribiti ilikuwa nzuri.

Nikagonga mara moja.